Upinde wa Mkunazi

Fimbo ya Sheikh Badawi ilivunjika katikati ya gharika. Nabii Nuhu alikuwa ndiyo kwanza anapakia wanyama safinani, wawili wawili, na maji yameanza kufoka, Sheikh alipoiegemea fimbo ili avute pumzi ya kuingilia dhoruba. Ikakatika vipande viwili, na mwili wake mkubwa ukashuka ngazi mbili za mimbari bila ya kukusudia. Hakuumia. Alisimama, akatengeneza kilemba, akaendelea na gharika mpaka maji yakakauka, na hapo ilikuwa imetimia saa nzima na robo tangu alipoanza hotuba. Watu wa mtaa ule wa Malindi walikwisha kuzoea. Siku ya Ijumaa wali wao waliula umepoa.

Baada ya sala wanaume waliizunguka ile fimbo wakaikagua. Nje iling'aa kwa miaka ya kushikwa. Ndani mchwa walikuwa wameila yote wakabakisha gamba. Wa kwanza kusema alikuwa Aly, mwenye duka la vyuma pale sokoni, mtu wa kuona biashara hata penye msiba.

"Sheikh, hilo lisikutie fikira," alisema. "Nitakuletea bomba la alumini, yale wanayotundikia mapazia mahotelini. Jepesi, mchwa hawaliwezi, na nitalipaka rangi ya dhahabu."

Watu walitikisa vichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo Abdulhalim, aliyekuwa ameketi karibu na nguzo akitafuta kiatu chake cha pili, aliposikia sauti ikisema, "Na kitabu kinasemaje, Sheikh?" Ilikuwa sauti yake mwenyewe.

Sheikh alimtazama. "Kitabu kinasema khatibu aegemee upanga, au upinde, au fimbo."

"Basi bomba halimo."

Watu walicheka, na kicheko kile kikamlevya. Kwa muda wa miaka arubaini Abdulhalim alikuwa amechonga milango ya mji ule, na watu walimwita fundi. Kisha Aly akaanza kuleta kutoka Mombasa milango ya plaiwudi, iliyo tayari na kitasa chake, na kidogo kidogo kazi ikapotea na jina nalo likabadilika. Hakuna aliyemvunjia heshima. Walimwamkia vizuri kuliko zamani: "Shikamoo, mzee." Lakini uzee mtu hupewa bure kwa kuishi tu, na ufundi alikuwa ameutolea jasho, na kila alipoitikia "marahaba" alihisi wamemnyang'anya kitu mfukoni huku wakimwinamia. Jambo hilo lilimuuma, na hakuwahi kumwambia mtu.

"Nitachonga upinde," alisema.

Angeweza kusema fimbo, na mambo yakaisha. Lakini fimbo hata mchunga mbuzi hukata. Ulimi ulikwisha kumtangulia, na maneno yakitoka kinywani ni kama maziwa yakimwagika, hayazoleki.

"Ijumaa ya tatu kutoka leo ndiyo ya Maulidi," alisema Sheikh Badawi. "Ukiwa tayari, vyema. Usipokuwa tayari nitachukua la Aly, maana mimi bila ya kuegemea siwezi kuhutubu."

"Mzee Abdulhalim asijisumbue," alisema Aly kwa upole mkubwa. "Bomba nitaliweka tayari, likae tu."

Abdulhalim alikwenda zake amevaa kiatu kimoja chake na kimoja cha mtu mwingine.

Nyumbani, mkewe Hafidha alimsikiliza mpaka mwisho huku akichambua mchele. "Baba Zeina," alisema, "wewe umewahi kushika upinde?"

"Mti ni mti."

"Na huo mti wenyewe uko wapi?"

Mti ulikuwako. Uani mwao palikuwa na mkunazi wa tangu enzi za babu yake, mti wa miiba na ukaidi, uliozaa kunazi chachu zilizopendwa na wajawazito wa mtaa mzima. Majani yake ndiyo waliyooshewa maiti wao wote, hata ikawa mtu akigonga mlango asubuhi mapema Hafidha huuliza kwanza ni nani aliyefariki. Mwaka uliopita walilikata tawi moja lililokuwa likikwaruza mabati, Abdulhalim akalipasua vipande vitatu virefu akavisahau kivulini chini ya makuti. Sasa vilikuwa vikavu na vigumu, vimejaa vifundo mwili mzima.

Vifundo hivyo havikumtisha. Ikiwa kulikuwa na jambo moja alilolijua duniani, ni kuunyosha mti. Alitoa randa, rula na timazi, akakishambulia kipande cha kwanza kwa siku nne. Kila kifundo kilichoinua kichwa alikikata kikawa sawa na wenzake. Kipande kilinyooka kama mstari wa daftari. Alikipiga msasa, akakipaka vanishi, akaufunga uzi wa nailoni wa mshipi wa kuvulia samaki, na jirani wawili walioalikwa kushuhudia wakasema mashallah.

Kisha akauvuta.

Mlio wake ulisikika hadi kwa Aly. Nusu ya upinde ilibaki mkononi mwa Abdulhalim. Nusu ya pili ilipaa juu ya vichwa vya mashahidi ikaelekea ukutani, mahali Hafidha alipoanika chupa zake za achari ya maembe. Ilizivunja tatu. Mashahidi walikumbuka kila mmoja kwamba ana shughuli.

Hafidha alizoa vigae, akakiokota kile kipande kilicholowa achari, akakigeuzageuza. "Umevunjikia hapa," alisema, akionyesha mahali palipokuwa na kifundo kikubwa kabla ya randa kukikata. "Gede kuna mtu anaitwa Thoya. Anawauzia watalii pinde kando ya barabara. Nenda kamuulize."

"Mimi? Fundi wa miaka arubaini niende nikafunzwe kuchonga?"

"Siku kumi na saba zimebaki. Na bomba la Aly limekwisha kupakwa rangi. Nimeliona limeanikwa juu ya ukuta wake, linang'aa kama jino la dhahabu."

Kesho yake Abdulhalim alikwenda Gede na vipande viwili vilivyobaki, amevifunga kwa gunia ili watu wasimuulize.

Thoya alikuwa Mgiriama mwembamba wa umri kama wake, aliyeketi juu ya kigogo mbele ya safu ya pinde ndogo zilizopakwa rangi nyekundu na nyeusi. Alilifungua lile gunia, akakinusa kipande kimoja, akakipiga kwa ukucha na kukitegea sikio. Kisha akavitazama vile vifundo kimoja kimoja, na uso wake ukachangamka kama wa mtu aliyekutana na ndugu wa kabila moja ugenini.

"Wataka uha wa kutundika ama wa kupinda?" aliuliza, maana kwao upinde ni uha.

"Tofauti ni nini?"

"Hizi," alisema Thoya, akizielekezea kidevu pinde zake nyekundu, "ni za kutundika. Mzungu anazipeleka kwao, anazipigilia ukutani. Hazipindi hata ukizikalia. Tangu serikali ifunge uwindaji, hakuna aliyekuja kuniomba uha wa kupinda. Mwaka wa nane huu."

Laiti Abdulhalim angejibu "wa kutundika," hadithi hii isingekuwapo. Lakini aliziona zile rangi, akaikumbuka milango ya plaiwudi, na damu ikamchemka.

"Mimi sijapata kutengeneza kitu cha kutundika," alisema. "Nataka wa kupinda."

"Huo uha una kazi gani?"

"Una kazi msikitini."

Thoya aliona mambo ya dini ya watu hayachimbwi, na ikiwa watu wa Malindi wana mnyama msikitini wanayetaka kumpiga mshale, hilo ni lao. Alitaja ujira wake: kile kipande cha tatu kibaki kwake. Wakakubaliana.

Abdulhalim alikaa Gede siku nane. Siku ya kwanza Thoya alimpokonya rula. Alifanya hivyo kwa adabu, kama mtu anayemwondolea mgeni kijiti kwenye kanzu, akaipachika juu ya paa la makuti ambako haikufikika.

"Sasa nitajuaje kama umenyooka?"

"Nani amesema unyooke?"

Badala ya randa alipewa kigae cha chupa, na kazi yake ikawa kukwangua. Si kukata, kukwangua, huku akizifuata nyuzi za mti zinakokwenda. Zikipanda, apande nazo. Zikizunguka kifundo, azunguke, na akiache kifundo na nyama yake pande zote. "Hapa mti uliumia," Thoya alimwambia, kidole kikiwa juu ya kifundo kikubwa. "Ulipopona ukajifunga mara mbili. Hapa ndipo penye nguvu, na wewe ndipo ulipokata." Abdulhalim alitaka kubishana, lakini harufu ya achari ilikuwa haijamtoka puani.

Siku ya tatu alikwangua kutwa nzima na kuondoa vumbi la kujaa kiganja tu. Siku ya nne alijikuta anakwangua macho ameyafumba. Vidole vyake, ambavyo siku hizi vilitetemeka akishika patasi, havikutetemeka, kwa sababu havikulazimishwa kwenda popote, vilifuata. Ndipo alipofikiria vile vifundo vyote alivyovikata kwa miaka arubaini akavitupia jikoni kwa Hafidha, na moyo wake ukaingia huzuni. Alikuwa ameyapikia chai mambo asiyoyajua.

"Nimechoma kuni nyingi, Thoya," alisema.

"Kila mtu amechoma," alijibu Thoya, na akaenda kutafuta mafuta ya nyonyo.

Wakaupaka mafuta, wakaukausha juu ya moto mdogo, wakaufunga upote, kamba ya kuuvutia, uliosokotwa kwa kano za ng'ombe. Kisha wakautundika kwenye kigingi, Abdulhalim akawa anauvuta kidogo kidogo, na Thoya akisimama mbali akiitazama mikono miwili ya upinde inavyopinda. Kila mkono ulipokuwa mgumu kuliko mwenzake, Abdulhalim alikwangua hapo na kuvuta tena. Upinde uliotokea haukuwa na mahali hata pamoja palipo sawa. Uliyumba kushoto, ukajirudi kulia, na karibu na katikati ulikuwa na nundu kubwa kama goti la mzee. Lakini ulipovutwa, mikono yote miwili iliitikia pamoja, na ulipoachiwa ulirudi kwa mruko uliomfanya Abdulhalim acheke peke yake. Alipiga mshale mmoja. Ulipita juu ya shamba la Thoya, ukavuka boma la jirani, na hawakuuona tena.

"Huu," alisema Thoya, "mtu akiuegemea tu, unaruka."

Abdulhalim alilichukua neno hilo kuwa ni sifa, akashukuru.

Ijumaa ya Maulidi msikiti ulifurika. Aly alikuwa safu ya kwanza, na bomba lake limesimamishwa pembeni, limefungwa kwa gazeti, ncha ya dhahabu ikichungulia. Sheikh Badawi aliupokea upinde akautazama pale ulipoyumba, na pale ulipojirudi, na nundu. "Mashallah," alisema, kama mtu aliyeonyeshwa mtoto asiye mzuri. Akapanda mimbari.

Alianza kwa Adamu, kama ilivyokuwa desturi yake. Kwa Nuhu angefika baada ya nusu saa. Alihimidi, akamsalia Mtume, akaweka ncha ya upinde chini na mkono juu ya ncha ya pili, akaegemea ili aanze safari.

Upinde ukapinda. Sheikh akashuka shibiri nzima, sauti ikashuka naye. Kisha upinde ukakumbuka kazi yake, ukamrudisha juu, na jina la Adamu likatoka kwa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyejua kuwa Sheikh anayo. Alijikaza, akaegemea tena, taratibu. Upinde ukamteremsha taratibu, ukamrudisha kwa haraka. Kila alipotaka kuirefusha sentensi, alihitaji kuegemea. Na kila alipoegemea, alipanda na kushuka kama mtu aliye juu ya ngamia.

Kusema wakati wa hotuba ni kujipotezea Ijumaa, na kila mtu alilijua hilo. Hakuna aliyesema. Lakini safu ya nyuma ilikuwa imeinamisha vichwa kwa unyenyekevu usiokuwa wa kawaida, na mabega yao yalikuwa yakitikisika. Mwadhini alikuwa ameuma ncha ya kilemba. Sheikh alimfikisha Adamu peponi, akamwonyesha mti, akaegemea, akaruka; na hapo akamwacha pale pale chini ya mti, hata tunda hajaligusa, akaingia kwenye dua. Hotuba zote mbili zilichukua dakika kumi na mbili.

Abdulhalim aliyaona yote kutoka penye nguzo, na alitamani ardhi impasukie. Sasa ndipo alipolielewa neno la Thoya. Alikuwa ameombwa kitu cha kuegemea, naye akaleta kitu kilicho hai. Alisali bila ya kujua anasoma sura gani.

Baada ya sala Sheikh alimwita mbele ya watu. "Upinde huu unapinda," alisema.

"Ndiyo, Sheikh."

"Kwa nini?"

Hapo Aly akaanza kulifungua lile gazeti, polepole, kwa huruma. Lakini kabla dhahabu haijatoka yote, Mzee Mbaruk, mwenye mashamba, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akilala kuanzia kwa Nuhu, alikohoa.

"Bomba halimo kitabuni," alisema. "Upinde umo."

"Umo," walisema watu wa safu ya nyuma.

"Sunna ni sunna," alisema mwadhini.

Mtaa ule haukuwahi kushikamana na kitabu kwa namna ile. Aly alilifunga bomba lake tena. Sheikh aliutia upinde kwapani, na alipompita Abdulhalim alimnong'oneza, "Kesho asubuhi nitakuja kwako. Tayarisha ubao na misumari, uupigilie mgongoni ukaze."

Siku hiyo mtaa mzima ulikula wali wa moto. Kabla ya alasiri Hafidha alikuwa amepokea sahani saba za biriani kutoka nyumba saba, kila moja imefunikwa kawa na ina salamu za mama wa nyumba, na hakuelewa kwa nini. Mumewe hakugusa hata moja. Alikaa chini ya mkunazi akichagua misumari.

Usiku kucha hesabu ilikuwa ni ile ile. Akipigilia ubao, upinde utabaki mimbarini, na kila Ijumaa watu watauona na kusema ni kazi ya fulani. Asipopigilia, Sheikh atachukua bomba, na yeye atabaki mzee wa shikamoo mpaka majani ya mkunazi wake mwenyewe yachumwe kwa ajili yake. Hakuwa na shaka anataka lipi.

Sheikh alifika asubuhi, peke yake, upinde umefunikwa kwa shuka. Abdulhalim aliulaza juu ya meza ya kazi, akaweka ubao mgongoni, akaweka msumari wa kwanza, akainua nyundo. Kidole chake cha kushoto kilikuwa juu ya nundu. Kilihisi zile nyuzi zinavyolizunguka jeraha la zamani na kujifunga mara mbili.

Aliishusha nyundo bila ya kupiga.

"Siwezi, Sheikh," alisema. "Nikiupigilia nitakuwa nimeuua, na utakachoegemea kitakuwa fimbo mbaya. Chukua la Aly. Sitakasirika." Hilo la mwisho lilikuwa uongo, na sauti ilimwonyesha.

Sheikh Badawi alivuta kigoda akaketi, na kigoda kikalia. Alikuwa akilisugua goti lake la kushoto.

"Marehemu baba alihutubu saa nzima na robo," alisema mwishowe. "Nilipomrithi nilihofu nikishuka mapema watasema kisima kimekauka. Mwaka wa kumi na tisa huu. Goti hili, Abdulhalim, linaanza kuniuma kwa Adamu, na likifika kwa Nuhu sioni mbele. Na nikitazama chini nawaona wamelala. Hata hivyo sikujua pa kushukia."

Abdulhalim aliufuta upinde kwa kitambaa.

"Jana Mzee Mbaruk alinishika mkono akanirudishia maneno yangu, neno kwa neno," Sheikh aliendelea. "Alikuwa macho. Nimelala nikilifikiria jambo hilo." Alikohoa. "Sasa, watu wakiniuliza kwa nini sikupigilia ubao, nitawaambia nini?"

Abdulhalim aliwaza. "Waambie haupigiliki."

"Haupigiliki?"

"Mkunazi, Sheikh. Misumari inapinda."

"Alhamdulillahi," alisema Sheikh, akainuka kwa shida, akauchukua upinde. Alijaribu kuuegemea pale pale uani. Ukamshusha, ukamwinua, na safari hii aliuachia umwinue. Alikuwa amekwisha kufika mlangoni aliposimama. "Ila, fundi, hapa penye nundu panachoma kiganja. Huwezi kupalainisha kidogo?"

Alilisema neno lile, fundi, kwa kupita tu, kama mtu anayeomba chumvi.

"Hapo ndipo panapokushikilia, Sheikh," alijibu Abdulhalim. "Paache."

Sheikh alipapasa, akaitikia kwa kichwa, akatoka. Hatua zake zilisikika zikienda na kichochoro, na pamoja nazo mgoto wa ncha ya upinde, usiokuwa na mpangilio.

"Amekwenda?" Hafidha aliuliza kutoka jikoni, alikokuwa akipasha moto sahani ya nne ya biriani. "Amesemaje?"

"Amesema unamchoma kiganja."

Hafidha alichungulia. Mumewe alikuwa amesimama pale pale, msumari katikati ya midomo.

"Sasa mbona unaichekea nyundo?"